Tume Yaleta Baridi Kiriri

Wananchi wote wa Bujumbura walijulishwa kwamba, kuanzia Jumatatu, mtaa wa Kiriri una baridi kali. Uamuzi huo ulipitishwa kwa kauli moja na Tume ya Kitaifa ya Ubaridi, iliyoketi chini ya feni mbili.

Mwenyekiti wake, Directeur Herménégilde, mkurugenzi wa mradi wa miti, hakuwa mwendawazimu. Wafadhili walikuwa wameleta kwa ndege miche kutoka Australia: mikaratusi ya theluji na mimoza ya milimani, miti inayocheka na baridi. Ilitakiwa ipandwe Mugamba, kule juu ambako asubuhi nyasi huamka nyeupe. Lakini ilikuwa vita, na barabara ya Mugamba ilipitika kwa wenye bunduki tu. Mkataba wa wafadhili nao haukujua vita. Ulisema Directeur atakaa villa ya mradi Kiriri maadamu miti inaishi mahali pa baridi. Miti ikikosa baridi, mradi unafungwa, na yeye na mkewe Amélie wanarudi katika chumba cha nyuma kwa mama mkwe.

Kwa mama mkwe hapana. Kwa hiyo, kama miti haiwezi kwenda kwenye baridi, baridi itakuja kwenye miti. Serikali ni ya nini basi?

Miche ikapandwa bustanini pale villa, na wafanyakazi wakaamriwa kuvaa makoti. Moubarak, mtunza bustani kutoka Buyenzi, alivaa la sufu lililomfika visiginoni.

“Patron, jasho inaniingia mu macho.”

“Hilo si jasho. Ni umande.”

“Umande ya saa saba ya mchana?”

“We mutu, tume imeshakata shauri. Unataka kubishana na tume?”

“Apana, patron. Mi nilikuwa nauliza tu kama umande iko na chumvi.”

Miche haikuuliza kitu. Ilianza kukauka kimyakimya, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine.

Ndipo akaja Madame Orlane, mjumbe wa wafadhili. Directeur alimpokea na skafu shingoni. Amélie akamimina chai ya moto, na Madame akainywa huku akijipepea kwa kofia. Mara mlima ulio juu yao ukalia: ta-ta-ta.

“Ni nini hiyo?”

“Magome, Madame. Baridi ikizidi, mkaratusi hupasua gome.”

“Yanapasuka mengi.”

“Baridi ni nyingi.”

Madame akainama kwenye mche uliokauka kama ufagio.

“Na huu umekufa kwa nini?”

Hapo moyo wa Herménégilde ulishuka hadi chumba cha nyuma, ukaona kitanda kile, ukasikia mama mkwe akikohoa upande wa pili wa pazia. Ulimi ukakimbia kumwokoa.

“Watu, Madame! Baridi yetu ni ya kweli, ila bado changa. Watu wanaiharibu. Jiko linatoa joto, gari linatoa joto. Hata mtu akihema, hewa inapanda. Tume imelichunguza sana suala la pumzi.”

Amélie alimkanyaga mguu chini ya meza, lakini alikuwa amechelewa.

“Wewe ni mtu mkweli,” Madame Orlane alisema, akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Jibu la wafadhili lilifika na pongezi. Mradi uliongezewa miaka kumi. Na kwa kuwa baridi hiyo ya ajabu inaharibiwa na binadamu, villa iachiwe miti: jiko lizibwe, viyoyozi viwashwe usiku na mchana, binadamu wahamie chini mjini. Waziri alitia saini kwa furaha. Directeur akapewa medali, naye akaipokea akipigiwa makofi.

Jumamosi alirudi kuchukua mto wake. Moubarak alikuwa langoni, sasa mlinzi wa hifadhi.

“Fungua.”

“Patron, unahema.”

“Nini?”

“Unahema. Huku ndani mutu hahemi, sheria imetoka.”

“Sheria niliitunga mimi!”

“Ndiyo, banakusifu sana mu mji. Banasema imetungwa vizuri, haina tundu.”

Kupitia dirishani Herménégilde aliona mkaratusi mchanga umesimama kando ya kitanda chake, unapepewa. Akavuta hewa, akaibana, akamwonyesha Moubarak mashavu yaliyovimba. Moubarak akayatazama kwa heshima yote. Lango halikusogea.

Kule chini, Amélie akapiga kelele kutoka kwenye teksi: mama ameshapakua, na hapendi kungojeshwa.