Sijaanguka, Nimekaa Chini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeanguka. Naandika hapa tu, na hapa pabaki. Saa moja asubuhi, nyuma ya banda la kuku, miguu imeniacha nikiwa na bakuli la pumba mkononi. Chali! Kuku wamekula pumba juu ya kifua changu bila hata kunijulia hali.

Ningeinuka taratibu na mambo yangeishia hapo. Lakini ndiyo saa ya Nairesiae, mke wa mfugaji, anayetuletea maziwa. Kafika, kaniona, na kwa kuwa kalelewa vizuri kaniamkia shikamoo. Ningefanyaje? Nimejibu marahaba kutoka chini, kwa sauti nzito, kama mtu aliyepanga kulala pale. Akauliza kulikoni. Nikamwambia nakagua mchwa. Akawatazama kuku, akanivuta mkono nikasimama, akamimina maziwa, akaenda zake.

Tatizo si kiwiko kilichochubuka. Tatizo ni binti yangu Doris. Mwezi wa pili nilipoanguka bafuni alikuja mbio kutoka Mikumi na neno moja: nikianguka tena anakuja na gari, nahamia kwake. Nyumba yake nzuri, ina marumaru. Lakini hapa Kilosa nimeishi miaka arobaini na minane, na marehemu Teresia wangu kazikwa hapa hapa. Kule nitakuwa babu wa kwenye kochi tu. Siendi. Ng'o!

Jumanne, 10 Juni

Habari zimesambazwa pamoja na maziwa. Saa tatu Domina, mhudumu wa afya wa mtaa wetu, kabisha hodi na mkoba wake. Presha: nzuri. Sukari: nzuri. Akauliza kama nimeanguka. Nikasema sijaanguka, nilikaa chini ghafla. Akauliza uko wapi mkongojo ulioletwa na Doris. Nikasema nautumia kila siku. Akauona pale kwenye kona, bado umo ndani ya nailoni ya dukani.

Akanikumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu kwamba mkuu wa nyumba hii ni mimi. Akacheka sana, kisha akatoa hukumu. Tarehe 23 niende zahanati kupimwa miguu. Unakaa kwenye kiti, unainuka bila kushika kiti, unatembea mita tatu, unageuka, unarudi, unakaa. Ukizidi sekunde kumi na mbili, au ukiyumba vibaya, anampigia Doris. Hataki kumficha. Jirani yangu Gabrieli naye atapimwa siku hiyo.

Gabrieli! Tulifanya kazi pamoja stesheni, mimi nikiwa bosi wake. Ni mdogo kwangu kwa miaka miwili na anatembea na mkongojo mchana kweupe, hana hata haya. Nikishindwa na huyo, heri nihamie Mikumi kwa miguu.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata mpango. Mtihani ukishajulikana, unaibiwa. Nitafanya mazoezi kwa siri mpaka niwapumbaze wote. Nimefunga mlango, nimepima mita tatu kwa kamba, nimechora mstari kwa mkaa. Saa ya mkononi tayari.

Jaribio la kwanza: sikuinuka kabisa. La pili: nimeinuka, nikakaa tena bila kukusudia. La tatu: sekunde ishirini na moja! Kosa ni la kiti. Nimeongeza mto wa Teresia juu yake, nikapata kumi na sita. Kwa hiyo dawa ni kiti kirefu. Akili ninayo bado.

Ijumaa, 13 Juni

Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Mapaja yanawaka moto. Nairesiae kachungulia dirishani, akauliza namsubiri nani maana nainuka na kukaa, nainuka na kukaa. Nimemwambia nasubiri serikali. Akasema basi nitachoka.

Nimemlaumu kwa kunitangaza. Hakuona aibu. Kasema mama mkwe wake alificha kuanguka mara tatu, ya nne ikamlaza kitandani mwaka mzima. Akaongeza kwamba mzee wao Kulet ameshika fimbo tangu ujana na hakuna aliyewahi kumuuliza anaumwa nini. Nikamweleza tofauti: Kulet ana ng'ombe. Mwenye ng'ombe akishika fimbo ni tajiri, mimi nikishika ni mgonjwa. Akaguna.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa nimetekeleza hatua ya pili. Nimekodi bodaboda, nimepeleka zahanati kiti changu, nilichokirefusha miguu kwa vipande vya mbao, nikasema ni zawadi kwa ajili ya wazee wenzangu. Lengo: siku ya mtihani nikalie kiti changu mwenyewe. Domina kashukuru mpaka akanishika mikono yote miwili. Akasema kiti hicho kitamfaa sana mlinzi wa getini, maskini hukaa kwenye ndoo.

Mlinzi! Nimepita jioni, nimemkuta amekikalia, amekunja nne. Kanipungia mkono.

Hicho ndicho kilikuwa kiti changu pekee. Leo nimekula ugali nikiwa kitandani.

Alhamisi, 19 Juni

Mazoezi yanaendelea kutokea kitandani. Kitanda kifupi, kinatesa, napiga kelele kila nikiinuka. Sekunde kumi na tatu. Jambo la ajabu: leo nimepanda ngazi za kanisa bila kushika bega la mtu. Bila shaka ni hivi viatu nilivyonunua Dumila mwaka juzi, sasa vimelainika.

Jumatatu, 23 Juni

Siku yenyewe. Gabrieli katangulia, na mkongojo wake. Sekunde kumi na moja. Wauguzi wakampigia makofi kama bwana harusi. Mimi nikatoka kitini kama treni! Domina akapaza sauti kwamba si mbio, si mbio. Kwenye kona nikayumba kidogo, nikajifanya nasoma bango la ukutani. Lilihusu kunyonyesha. Nikarudi, nikakaa. Kumi kamili! Gabrieli kanipa mkono. Nimeupokea kwa unyenyekevu, ila nimeubana kidogo.

Domina kafurahi mno. Akasema nimefanya dawa yenyewe bila kuandikiwa, kwamba hilo la kuinuka na kukaa ndilo linalorudisha nguvu za miguu, niendelee kila siku bila kuacha, na nikitoka nje nishike mkongojo. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kisha kampigia Doris, akanipa simu. Nilitegemea pongezi. Mtoto akalia. Akasema hataki kunitawala, ila kila simu ikiita alfajiri moyo wake unasimama, anawaza nimelala chini peke yangu tangu jana. Akasema nibaki Kilosa, ameridhika.

Nilimwambia asilie. Nimerudi nyumbani polepole, nimekaa kwenye kaburi la Teresia muda mrefu, nimemwambia kwamba naogopa. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Jumatano, 25 Juni

Mazoezi nimeacha. Mtihani nimefaulu, nani husoma baada ya matokeo? Mkongojo nimeuchomeka chini ya mgomba ulioelemewa na mkungu, unafanya kazi nzuri.

Upepo umelegeza bati moja. Ditram, fundi wetu, kasema nisiguse kitu, atakuja Jumamosi. Thubutu! Mtu wa sekunde kumi asubiri fundi? Nimeazima ngazi kwa Gabrieli, nikamdanganya nachuma mapapai.

Saa tano na nusu. Bati limekaa vizuri. Ngazi imeanguka. Naandika nikiwa juu ya paa, maana daftari hili haliachi mfuko wangu. Bati linaanza kupata moto.

Saa sita kasoro. Namwona Doris anatokea kwenye kona, kapanda basi la asubuhi, hakuniambia. Kavaa kitenge kipya, kabeba hotipoti, anatabasamu peke yake njiani. Hajatazama juu. Nikinyamaza kabisa ataingia ndani, ataanza kupakua, nami nitapata nafasi ya kupima urefu huu. Si mrefu. Nikiruka kwa akili, nikatua kwenye majani ya mgomba, atanikuta mezani.