Kabureta ya Mtani Wangu

Jumatatu, 17 Januari 1955
Sijamwambia mtu yeyote. Mwizi wa kabureta ya pikipiki ya Baba ni mimi. Miaka mitatu iliyopita niliifungua nione mngurumo unatoka wapi. Nikaenda kuiosha, ikanitumbukia kisimani. Baba akawalaani wezi. Yeye ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati, na mpaka leo anapeleka dawa vijijini kwa miguu, goti limevimba. Kuku wanatagia juu ya tangi la pikipiki. Leo kasema binamu Salumu aje Jumamosi achukue magurudumu, ayafunge kwenye mkokoteni wake wa nazi. Mkokoteni! Nimemaliza shule, sina kazi. Nina siku tano.

Jumanne, 18 Januari
Kabureta ya aina ile haiko tena madukani. Mjini ipo moja tu, kwa Fundi Kasian, Mnyamwezi, kwenye pikipiki mbovu nyuma ya karakana yake. Nimekwenda. Shikamoo, goti chini, macho chini, nikaomba kwa adabu zote nilizofundishwa. Kakataa. Nikaomba tena, kwa upole zaidi. Kakasirika kabisa!
Shangazi Mwajabu kanicheka hadi akashika ukuta. Kasema sisi Wakwere na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani hapigiwi goti. Mtani hutaniwa na kunyang'anywa, na haruhusiwi kununa. Kumbe nimemwudhi kwa kumheshimu.

Jumatano, 19 Januari
Nimesugua plagi kwa msasa. Nimepaka tangi rangi ya kijani iliyobaki mlangoni. Nimefanya mazoezi ya matusi mbele ya mbuzi. Mbuzi hakuonyesha kuumia.

Alhamisi, 20 Januari
Karakana imejaa watu. Shangazi kanisukuma mgongoni. Sauti ikatoka yenyewe: "Wewe Mnyamwezi, babu yako alitembea miezi mitatu na mzigo kichwani, akafika pwani akauliza nani kamwaga maji mengi hivi."
Fundi akaweka spana chini. "Enhe," akasema. "Nilidhani mtoto huyu kalelewa na wageni."
Nikaifungua kabureta mbele ya macho yake, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Nyuma yangu alikuwa akiwatangazia wateja kwamba Wakwere ni wezi toka tumboni, huku anacheka. Ushindi! Jioni nimeifunga kwenye pikipiki ya Baba.

Ijumaa, 21 Januari
Utani una njia mbili. Hilo Shangazi hakunieleza. Nikiwa jikoni, Fundi Kasian kaingia uani, kang'oa kiti cha pikipiki, kapita nacho mtaa mzima kichwani akiimba. Siruhusiwi kununa. Nimenuna kidogo, chumbani.
Kisha nikachukua mto wa sufi wa Shangazi, nikaushonea ukili wa mkeka, mwekundu na kijani. Kiti kizuri kuliko cha kwanza! Shangazi anautafuta mto wake.

Jumamosi, 22 Januari
Salumu kaja na spana na kamba. Nikamwambia angoje. Nikakanyaga pedali ya kuwashia. Kimya. Nikakanyaga tena. Salumu kasema msichana awashe jiko, ndilo litakalomsikia. Nikakanyaga mara ya tatu. Kuku wote juu ya ukuta! Moshi, mngurumo, na Salumu kakaa chini bila kupenda.
Baba katoka na povu la sabuni kidevuni. Kapanda, kazunguka soko mara mbili na povu lake, karudi. Macho yamelowa, kasingizia moshi.
"Salumu, mwanangu," akasema, "nazi zako bebea kichwani."

Jumapili, 23 Januari
Baba kaniambia mimi ni fundi. Kasema mbele ya majirani! Kesho alfajiri anapeleka dawa Lugoba kwa pikipiki.
Ila nimesikia mlio mdogo ndani ya giaboksi. Tik, tik. Baba kasema hausikii. Kalala mchana, nami nimeifungua, kidogo tu. Springi moja imeruka, iko mahali fulani kwenye makuti ya paa. Mbili nyingine sikumbuki zilikaa wapi.
Wewe unayesoma, tafadhali, usimwambie mtu. Naleta ngazi.