Vulkano Ana Pua ya Jirani

Roma, Jumatatu, 4 Mei 1545

Ercolano tena! Picha zake za miungu zimetundikwa hadi nje ya mlango, watu wanazigombania. Mimi huku upande wa pili wa uchochoro, patasi mkononi, mteja wangu paka. Leo Ercolano kapita akichechemea, akaniuliza kwa upole kama bado nachonga. Kama bado nachonga! Atanitambua.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata! Nitachonga kwenye bamba la shaba, nichape kwenye karatasi, kisa cha Vulkano, mungu mhunzi, kiwete, ambaye mkewe Venus anamsaliti kwa Marsi, mungu wa vita. Vulkano nampa pua ya Ercolano. Yote, kama bamba litatosha. Roma nzima itamcheka. Mimi ni hatari!

Venus naye alitaka uso. Nimemkalisha mke wangu Lisabetta dirishani. Akauliza anachorwa kama nani. Nikamwambia mungu wa uzuri. Akanipikia dengu na soseji.

Marsi nimempa uso wangu. Nani mwingine?

Ijumaa, 8 Mei

Chapa zimetoka safi. Kufikia adhuhuri zimekwisha! Watu wanacheka mpaka wanaegemea ukuta. Nikawainamia kwa madaha. Ndipo Mona Pasqua, muuza samaki, akapaza sauti: "We Fazio! Kumbe Lisabetta ni mke wa Ercolano, na wewe ndiye unayemwibia?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Wakazidi kucheka.

Jumamosi, 9 Mei

Ercolano hata hakukasirika, mshenzi yule! Kanunua nakala, kaitundika dukani kwake. Watu wanakuja kulinganisha pua, wanaondoka na miungu yake. Jioni, mbele ya kanisa, akaniita kwa sauti: "Fazio! Nitunzie mke wangu!"

Lisabetta alikuwa nami. Akanivuta mkono mpaka nyumbani. Hapo akaniuliza: miaka yote hii anifulie mashati, halafu nimgeuze hawara yangu mwenyewe? Kachukua mto wake, kaenda kwa mama yake.

Jumapili, 10 Mei

Nimelala na viatu. Hakuna wa kunigombeza. Vibaya sana.

Jumatatu, 11 Mei

Nimesimama chini ya dirisha la mama mkwe, kofia mkononi. Lisabetta akasema harudi mpaka uso wake utoke kwenye shaba. Mama mkwe, nyuma yake, akaongeza maneno ambayo siyaandiki. Nikalia kidogo. Walifunga dirisha.

Jumatano, 13 Mei

Nimeukwangua uso, nikaung'arisha hadi shaba ikawa tupu. Lisabetta karudi! Kapapasa pale palipokuwa na uso wake, akacheka, akaniita mpumbavu wake. Nimeapa sitamchora tena. Nimeapa kwa moyo wote.

Lakini Venus sasa hana uso, na bamba ni zuri mno kutupa. Anatakiwa mwanamke mwenye haiba, asiye mke wangu, asiyetaka malipo.

Mama mkwe ana shingo nzuri ajabu. Sitamwambia mpaka picha zichapwe. Atafurahi kweli!