Nilivuka Daraja kwa Magoti

Wandugu zangu ba Mboko, leo nimevuliwa nguo mbele ya bantu, na shati yangu nyeupe ilikuwa mwilini. Ninawaandikia mbio, mbele dereva hajafika kwenu na maneno. Ule hajuake kunyamaza.

Asubuhi tulitoka Baraka kupanda Fizi na kamyo ya Patron Musa, ule tajiri anayenunuaka muhogo. Munajua alinitwaa mwezi mumoja wa kujaribu, niwe mushauri wake. Kazi yangu ni kutembea na daftari, kuangalia namna bantu wake banatumika, na kumwambia namna batatumika muzuri zaidi. (Mi, Wilondja, mwenye mulizoea kuniona na shoka, matope mpaka masikio!) Patron na mi tulikaa mbele na dereva. Nyuma yetu, juu ya magunia, karibu na dirisha isiyo na kioo, alikaa shemeji yangu Mariya, mujane wa mudogo wangu Etienne. Alikuwa anapeleka ndakala, samaki zake ndogo za kukauka, soko ya Fizi.

Patron akaniuliza: "Wilondja, ulikuwa fundi mukubwa wa madaraja. Juu ya nini uliacha?"

Nikakohoa kwanza. "Patron, fundi anaonaka muti mumoja. Mushauri anaona kazi yote. Tena mugongo wa fundi unazeeka mbio. Tena akili haitoke jasho." (Ile ya mwisho niliitunga pale pale. Nilijipenda sana!)

Nyuma yetu Mariya akageuza uso, akaangalia njia.

Tukafika kwa muto mumoja mudogo. Daraja mupya! Miti mibichi, bado inanuka. Asukulu, mwenye nilimufundisha kazi, akatukimbilia akicheka.

"Fundi mukubwa! Kamyo yenu ndiyo ya kwanza. Piga miti na nyundo, usikie kama ni mizima, kisha tushuke chini wote wawili."

Munajua desturi yetu. Kamyo ya kwanza ikipita, fundi anasimama chini ya daraja. Ikivunjika, imuvunjikie mwenye aliifanya.

Patron akanigeukia: "Haya, mushauri. Nipite ao nisipite? Ukinishauri muzuri leo, kazi ni yako."

Nikafungua daftari. "Patron, kwanza tushushe mizigo." Bantu ba Asukulu bakashusha magunia yote, bakayavusha kwa kichwa. Nikasema: "Sasa tufanye mukutano." Bamama ba soko, bakipita na vikapu mugongoni, bakaanza kucheka.

Patron akachoka. "Basi vuka we kwanza, na miguu yako. Nione."

Nikapiga hatua mbili. Maji ikazunguka chini yangu. Nikapiga magoti. Nikaendelea hivyo hivyo, mikono na magoti, na suruali yangu ya kunyoosha na pasi! Katikati nikashindwa. Nikakumbatia muti, nikafunga macho. Mbuzi ikanifikia, ikasimama, ikaniangalia, ikapita.

"Huyu ndiye alijenga madaraja?" mama mumoja akauliza. "Ee Mungu!"

Hapo nikasikia sauti chini: "Shemeji, mi niko hapa. Simama."

Nikafungua macho. Mariya alikuwa ndani ya maji, chini yangu kabisa, nguo ameikunja mpaka magoti.

"Toka pale, Mariya! Toka!"

"Sitoke. Simama kwanza."

Wandugu, nikalia. Mbele ya Patron, mbele ya soko nzima. Na yenye sikuwahi kumwambia muntu ikanitoka: "Mi ndiye nilimutuma Etienne chini! Bwana wa Leta, mukubwa wa serikali, alikuja kufungua daraja, na mi nilivaa shati mupya. Sikutaka ichafuke! Na muti mumoja ulikuwa umeoza ndani, sikuupiga nyundo! Daraja ikamuvunjikia yeye!"

Bantu bakanyamaza. Hata dereva.

"Ya muti sikuijua," Mariya akasema. "Ya shati nilijua. Mbele ashuke aliniambia: 'Kaka iko na shati mupya, acha leo apendeze.' Alikuwa anacheka. Tangu siku ile ninangoja uniambie we mwenyewe. Kwangu huingie tena, chakula changu hukule. Nilifikiri umenichukia."

Nikashuka. Namna gani, sijui. Asukulu akanipa nyundo, nikapiga miti yote, mumoja mumoja. Yote mizima. Tukasimama chini watatu, Mariya amenishika mukono, kamyo ikapita juu. Matope ikatuangukia. Daraja haikulia hata kidogo.

Patron alinifukuza palepale. "Mushauri wa kutembea na magoti, nitamupeleka wapi?" Iko na haki. Kesho narudia kwa Asukulu, kujenga madaraja. Leo, tuliporudi, nimekula ugali kwa Mariya, na shati amesema haitatakata tena, niache kuisugua.

Dereva akifika, mumwambie mumekwisha kusikia. Ya magoti, mucheke. Ya mbuzi, mucheke sana. Ya shati, nawaomba, musicheke.