Mawimbi ya Marehemu Mjomba Masila

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mjomba Masila amefariki. Pole kwangu! Chumba ninacholala nyuma ya nyumba yake, mtaani Jamhuri, sasa kiko mikononi mwa mjane, Anti Kalekye, ambaye hajawahi kunipenda. Mwanawe Kivuva anasema baada ya mazishi watakipangisha. Mpango: niandike wasifu wa marehemu, niusome kanisani, Anti aguswe, nibaki.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika hadi mkono ukauma. Neno langu ni wimbi. Neno tamu! Kuna wimbi la wizi, wimbi la homa, wimbi la mageuzi. Hata redio ina mawimbi. Mjomba nimempa ya umaskini, ya kisukari, ya fitina kazini.

Kivuva alisoma wasifu wote. Kisha akaniomba niyatoe yote. Mama yake halivumilii neno hilo tangu wimbi limchukue mwanawe wa kwanza, Mutiso, kule pwani ya Diani, katika ziara ya shule. Namkumbuka Mutiso. Kijana mpole. Lakini lile lilikuwa la maji! Yangu ni ya lugha. Wivu tu huu. Nimeupeleka wasifu kwa wachapaji wa River Road, mjini, na nimeongeza wimbi jingine.

Ijumaa, 7 Machi

Kanisa lilijaa. Wimbi la kwanza, vichwa vikainuka. La pili, Anti akashika benchi kwa mikono miwili. Anaguswa! Nikapandisha sauti. Niliposoma kwamba hakuna wimbi lililowahi kumshinda Masila, akasimama. Akaniuliza, polepole sana, kwani Mutiso alikuwa mtoto wa nani. Kisha akatoka, akaliacha jeneza la mumewe pale mbele. Mchungaji akaniambia niketi.

Na ukurasa wa mwisho ndio uliokuwa mzuri!

Jumapili, 9 Machi

Jana wamemzika Mjomba kwao Kitui. Kivuva alidai basi limejaa. Nililiona lina nafasi.

Leo wamerudi. Jioni nimekuta godoro langu nje, limefunikwa nailoni lisilowe. Kivuva anasema mama mwenyewe ndiye aliyelifunika. Hilo limeniuma kuliko matusi. Nimelia njia nzima hadi chumba cha kukodi cha lojing'i, River Road.

Jumanne, 11 Machi

Nimelitafuta kosa langu, nimelipata. Mawimbi yalikuwa mengi mno, neno likachuja.

Haron, mwenye bucha kule Dagoretti, amelazwa. Hali mbaya, wanasema. Ana nyumba kubwa na mke mwenye huruma. Nimeshaanza wasifu wake. Safari hii ni tufani, mara moja tu, mwishoni.