Ruthu Aliyeandikwa kwa Penina

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Daftari hili nilimnunulia mwanangu Ruthu siku ya kuanza shule. Mwalimu alimrudisha siku ileile, akasema hapa Gulwe hakuna wa kumfundisha mtoto asiyesikia. Miaka miwili sasa. Naandika kurasa za nyuma, za mbele namwachia mwenyewe.
Leo mwenyekiti wa kitongoji, Gerson, katangaza: Alhamisi watafiti watapita nyumba kwa nyumba kupima nani anacho na nani hana. Moyo ukaruka! Wakiona sina kitu, wataniandika kwenye orodha ya msaada. Wakiniandika, nawaomba shule ya Ruthu.

Jumatano, 6 Agosti
Nimehamishia godoro, taa ya sola na kuku wanne kwa jirani yangu Penina. Kaguna. Eti, Mama Ruthu, umaskini wako unatosha, usiongeze. Wivu tu! Jogoo wake mwenyewe kakonda.
Tatizo ni Ruthu. Mikono yake haijui uongo. Muulize godoro liko wapi, ananyoosha kidole kwa Penina. Basi, naye kesho atashinda hukohuko, juu ya godoro.

Alhamisi, 7 Agosti
Mtafiti kaja na Gerson. Binti mpole, Anitha, kaniamkia vizuri. Kauliza tuko wangapi. Nikasema peke yangu. Akashangaa, mbona mwenyekiti ananiita Mama Ruthu, huyo Ruthu yuko wapi? Jasho! Nikasema kaolewa Kibaigwa.
Ana miaka tisa, mwanangu.
Akabonyeza kishikwambi chake, akauliza la mwisho: katika nyumba hii kuna mwenye shida ya kuona, kutembea au kusikia?
Kumbe swali lenyewe lipo! Gerson akakohoa mlangoni, akakohoa tena. Ningesema. Lakini nimeshamwoza. Nikajibu hakuna.

Jumatano, 20 Agosti
Afisa ustawi wa jamii kaleta barua. Kapita mlango wangu, kaingia kwa Penina. Mtoto Ruthu, asiyesikia, apelekwe Dodoma Jumatatu akapimwe masikio, kuna nafasi kwenye shule ya bweni. Aende na mama yake. Mama: Penina!
Kumbe siku ile Anitha alimkuta Ruthu kwenye godoro langu, akauliza ni wa nani. Penina akajibu ni wa hapahapa. Anaapa aliogopa kunichoma.
Afisa akaaga, haya Mama Ruthu, usichelewe gari. Hakuwa ananiambia mimi. Nilikuwa na ndoo, nikajifanya nateka maji. Pale hakuna bomba.

Jumapili, 24 Agosti
Baada ya ibada Penina kanisihi twende kwa Gerson tukaseme ukweli. Gerson mwenyewe kamwambia ni kusahihisha jina tu, dakika moja. Dakika moja! Na godoro je? Na ile ndoa ya Kibaigwa? Watachana barua nzima. Hapana. Penina ataenda kama mama, mimi nitabeba mizigo kama msichana wa kazi. Mpango safi kabisa.
Tangu mchana namfundisha Ruthu. Kwake, kusema mama ni kugusa kifua chake, halafu changu. Naushika mkono, naupeleka kwa Penina. Anaurudisha kwangu. Naupeleka. Anaurudisha, anacheka, anadhani tunacheza. Penina kashindwa, katoka nje kufuta macho.
Sijui ukaidi huu mtoto kautoa wapi. Nimemchemshia yai. Akimaliza kula tunaanza upya.