Mimi na Misuli ya Watu

Jumatano, 3 Julai 1974
Nimeteuliwa mchuaji wa timu ya mji! Jumapili, Sabasaba, tunacheza na Mwimbi. Kocha wetu, Mwalimu Gaudensi, kaagiza kila mchezaji kwanza aulizwe anaumwa wapi, akaguliwe, ndipo nipange namna ya kumchua. Kuuliza! Macho ninayo. Selemani, golikipa wa zamani, aliitaka kazi hii. Kasikia jina langu, kacheka. Acheke.

Alhamisi, 4 Julai
Eustaki, mfungaji wetu tegemeo, kaja akichechemea. Nikajua papo hapo: paja la kulia. Nimelikanda kwa mafuta ya karanga mpaka nikatokwa jasho, na baridi yote hii. Kapiga mayowe. Nikamwambia ndiyo misuli inaitika. Alipopata pumzi akasema kinachomuuma ni kidole, kiatu kinambana. Angesema mapema! Selemani anadai alisema tangu mlangoni. Mzushi.

Ijumaa, 5 Julai
Paja la Eustaki limevimba. Hachezi. Kocha kauliza mpango wangu ulikuwa upi. Nikamjibu, misuli si hesabu za darasa la nne. Kasema tukifungwa, nikatafute kazi nyingine. Hatufungwi! Nina wazo.

Jumamosi, 6 Julai
Mwimbi wamefika na lori. Mchezaji wao hatari ni nahodha, Kasimiri. Nimemkaribisha kama ndugu, nikajitolea kumchua kwa uchovu wa safari. Nia yangu: nimlegeze mpaka kesho ashindwe kuinua mguu. Mgongo, mapaja, vigimbi, taratibu kabisa. Kakoroma mkekani! Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Jumapili, 7 Julai
Tumefungwa matatu. Yote ya Kasimiri. Kisha kanikumbatia katikati ya uwanja, anatangaza kwamba mgongo ulimkaza tangu kuvuna ulezi, mikono yangu ndiyo imemfungua. Kwa sauti ile! Kocha kaninyang'anya chupa ya mafuta mbele za watu, kampa Selemani.

Jumatatu, 8 Julai
Mke wangu Josefina anasema ningemuuliza tu Kasimiri, ningejua nisimguse. Hajui kitu. Mabao yale ni kazi ya mikono ya nani? Ya Selemani? Mji mzima umeshuhudia!
Mchana kapita Mzee Felisiani, mwenyekiti wa tawi, anatembea upande upande. Nyonga ya kushoto, nimeiona kutoka dirishani. Nikamwamkia shikamoo, nikamvuta ndani. Akaanza kunieleza habari za jipu. Nikamwambia anyamaze, alale kifudifudi.